Kitambaa cha Mzee Feruzi na Mbio za Bwana Nta

Siku ya kuniaga pale klabu walinipa vitu viwili: saa ya ukutani na kitabu chembamba chenye jalada la kijani. Saa nimeitundika, ingawa nyumba yangu ya udongo haina ukuta ulionyooka, nayo imeinama upande mmoja kama mlevi. Kitabu ni cha Kiingereza, lugha ambayo misheni hawakunifundisha, kwa hiyo nilimpelekea Daudi, kijana anayewaandikia watu barua karibu na stesheni, anisomee. Kumbe ni historia ya mbio zetu za farasi za kila mwaka. Akanisomea majina ya farasi walioshinda, majina ya wenye farasi, majina ya mabibi waliokabidhi kombe, hata jina la mbwa aliyewahi kuingia uwanjani na kuwachekesha wageni. Halafu akafika kwenye mwaka mmoja, akasita.

"Mzee Petro, niendelee?"

"Wewe soma."

"Wanasema mwaka huo farasi aliyetazamiwa kushinda alikufa kwa uzembe wa saisi mmoja mwenyeji."

"Saisi gani?"

"Hawakumtaja."

Mbwa ana jina. Saisi, mtu aliyewalisha na kuwatunza farasi wao miaka yote hiyo, hata walipomtukana hawakumtaja. Nilimpokonya Daudi kile kitabu mikononi, jambo ambalo halikuwa la adabu, na nimeshamwomba radhi. Tangu siku hiyo sijalala vizuri kwa hasira. Ninawaandikia ninyi watatu mliobaki mabandani, kwa sababu ninyi ndio mtakaoulizwa na wageni juu ya mbio hizi, na sitaki mjibu kwa maneno ya kitabu kile. Anayelaumiwa mle anaitwa Feruzi. Na farasi yule hakuuawa na Feruzi. Nitalifikia hilo, ingawa ningependa kulikwepa, kama nilivyolikwepa maisha yangu yote ya kazi.

Nilianza kazi nikiwa mtu mzima tayari, mwenye mke. Nilikuwa nimetoka kwetu Bukene, nimechoka kubeba udongo wa tuta la reli, nikasikia kwamba kuna Mzungu mjini Tabora anatafuta watu wa kutunza farasi. Mzungu huyo alikuwa Mfaransa, mnunuzi wa nta na asali. Jina lake lilitushinda sote kulitamka, tukamwita Bwana Nta, naye akaitika bila kinyongo. Lakini aliyenipokea mabandani hakuwa yeye. Alikuwa mtu mfupi, mweusi sana, mwenye macho mekundu ya moshi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umewahi kuona farasi?"

"Kwenye picha, shuleni."

"Basi isahau hiyo picha. Yule hanyi."

Akanipa koleo. Wiki nzima sikugusa farasi, niligusa mavi yao tu, na kila jioni Mzee Feruzi alinitaka nimweleze mavi ya kila mmoja: yapi makavu, yapi laini, yapi yana punje nzima za mahindi. Nilidhani ananidhihaki. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo alivyosoma afya ya farasi, na mpaka leo mimi nikiingia bandani naangalia chini kwanza. Ninyi watatu mnaangalia juu, kwenye shingo na manyoya, kwa sababu ndiko wanakoangalia wenye farasi. Acheni tabia hiyo.

Mzee Feruzi alizaliwa hapahapa Tabora. Baba yake alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na yeye mwenyewe alikulia kwenye punda weupe wa Maskati wa tajiri mmoja wa Kiarabu. Alisema punda na farasi ni tofauti katika jambo moja tu: punda akiumwa anakwambia, farasi anaona haya. Alinifundisha kusafisha kwato kwa kisu kilichopinda, kupasha joto lijamu, kile chuma cha hatamu, kinywani mwangu mwenyewe wakati wa baridi kabla ya kumtia farasi, na kufukiza moshi wa samadi ya ng'ombe mlangoni ili mbung'o na vijidudu vingine wasikaribie. Treni ilipoleta farasi wapya kutoka Dar es Salaam, alisafiri nao ndani ya behewa huku debe la samadi likifuka, na alishuka akinuka kiasi kwamba mkewe, Bi Mwajuma, alimpelekea maji ya kuoga nje ya mlango.

Na alikuwa na kitambaa. Kilikuwa kipande cha amerikani, upana wa kiganja na urefu wa mkono. Kila alfajiri alikilaza juu ya majani nje ya banda, akasali, kisha akakiokota na kukibandika shavuni. Kikiwa na unyevu, hakuna farasi aliyetoka mpaka jua lipande na majani yakauke. Kikiwa kikavu, alifungua. Farasi hawa wa ukoo, waliozaliwa nchi za mbali, wana ugonjwa wao unaowapata huku kwetu, tuliouita homa ya umande. Farasi anatoka alfajiri mzima, na siku chache baadaye anatoa povu puani kama sabuni, na ndiyo mwisho wake. Mabwana wa mifugo wana maelezo yao kuhusu vidudu vinavyoruka wakati wa ubichi, na ninawaamini. Mzee Feruzi hakuwa na maelezo. Alikuwa na kitambaa, na katika miaka yake yote chini ya Bwana Nta hakupoteza farasi hata mmoja kwa homa hiyo.

Sasa niwaambie mbio zilivyoanza, maana kitabu kimelifanya jambo hilo kuwa la klabu. Klabu haikuwapo. Bwana Nta alikuwa akituhadithia, akiwa amekaa juu ya gunia la nta, kwamba kwao Ufaransa kuna mbio kila mwaka, Jumapili moja kandokando ya msitu, katika uwanda mtupu wa majani, hakuna kuruka viunzi wala mashimo. Farasi wote wana miaka mitatu. "Ni mara moja tu katika maisha yake," alisema. "Mwakani ameshakuwa mkubwa. Asiposhinda siku ile, basi." Akataka mbio kama hizo Tabora. Farasi wa miaka mitatu tulikuwa nao wawili, kwa hiyo sheria hiyo ililegezwa, na wengine walioshindana mwaka wa kwanza walikuwa wazee wa kuheshimiwa.

Uwanja alichagua yeye: njia ya zamani ya misafara, upande wa magharibi wa mji, ambako nyayo za wapagazi zilikuwa zimeshindilia ardhi ikawa bapa na ngumu bila mtu kulipia kazi hiyo. Tulikimbia hadi kwenye kichuguu kikubwa, tukakizunguka, tukarudi. Lakini tarehe alichagua Mzee Feruzi. Bwana Nta alitaka mwezi uleule wa kwao. Mzee Feruzi akamwambia, "Bwana, ukitaka mbio, ngoja majani yawe yanakwaruza. Ukitaka maziko, fanya mwezi huo." Mfaransa akacheka, akangoja. Kwa hiyo mbio zilikuwa katikati ya kiangazi, miaka yote, na hakuna neno moja juu ya hilo katika kitabu chao. Waliopanda farasi tulikuwa sisi masaisi. Watu wa mitaa ya Ng'ambo na Kitete walijipanga njia nzima, na mshindi alikabidhiwa kombe la bati lililojaa asali. Nilipanda mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa wa mwisho, mara ya pili niliangukia kichuguu.

Bwana Nta aliuza kila kitu akarudi kwao, na mabwana wa klabu wakazichukua mbio. Kombe likawa la fedha, na asali ikatoka. Masaisi tukateremshwa, wakapanda Wazungu wenyewe. Hilo liliniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Farasi bora kuliko wote, mwenye rangi ya asali ya miombo, tukimwita Asali ingawa alikuwa na jina lingine refu la Kiingereza, alinunuliwa na bwana mmoja tuliyemwita Kapteni. Alikuwa na saa ya kupimia mbio iliyoning'inia shingoni, na aliipenda kuliko farasi. Mzee Feruzi na mimi tuliuzwa pamoja na Asali, kwa namna ya kusema, maana tulihamia banda la Kapteni siku ileile.

Halafu mwaka huo ulioandikwa kitabuni wakasogeza tarehe. Bwana mkubwa wa serikali alikuwa anapita Tabora mara tu baada ya mvua kukatika, nao wakataka aone mbio. Mzee Feruzi alikwenda klabu kuwaambia majani bado ni mabichi. Alisimamishwa jikoni tangu asubuhi hadi saa nane, kisha akaambiwa arudi kazini. Akarudi, akaendelea na kitambaa chake, na farasi wakawa wanafanya mazoezi jua likiwa limepanda, kwa joto, taratibu. Kapteni hakuridhika. Siku kumi kabla ya mbio akaja bandani na wageni wawili.

"Kesho, jua kutoka, farasi kimbia," alisema kwa Kiswahili chake. "Mabwana hawa taangalia saa."

"Bwana, umande," akasema Mzee Feruzi.

"Umande ni maji."

"Ni maji, bwana. Lakini kitambaa kikiwa na unyevu sifungui."

Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja saa ya treni. Ufunguo wa banda ulikuwa shingoni mwake na Kapteni hakuwa na mwingine. Wageni wakacheka, si kwa ubaya, lakini Kapteni aligeuka mwekundu. Alipotoka aliniita pembeni, nyuma ya pipa la maji.

"Wewe, Petro. Mimi mzito sana kwa Asali. Kesho yeye nakimbia vizuri, wewe tapanda siku ya mbio. Mbele ya bwana mkubwa. Mzee nakataa, natafuta saisi mwingine Nairobi."

Nilijiambia kwamba namwokoa Mzee Feruzi asifukuzwe. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Ni uongo. Nilitaka kupanda. Nilitaka watu wa Kitete wanione juu ya Asali, na kile kichuguu kilichoniangusha kinione pia.

Alfajiri Mzee Feruzi alikilaza kitambaa majanini, akaenda kusali. Macho yake kwa wakati ule yalikuwa yameharibika kwa moshi, alitegemea shavu. Nilikiokota kitambaa, kilikuwa kimelowa kabisa. Nikakiweka juu ya debe la samadi iliyokuwa ikifuka, nikakigeuza, nikakigeuza tena, mpaka kikakauka. Kaa moja liliruka likaunguza pembe yake, nikalizima kwa kidole gumba. Nikakirudisha palepale majanini. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kumtandika farasi.

Alirudi, akainama, akakibandika shavuni. "Ajabu," akasema. Akafungua banda.

Nilimtoa Asali mbele ya Kapteni na wageni wake, nikampanda, tukaanza. Majani yalinilowesha miguu hadi magotini. Sijawahi kukimbia hivyo tena na sitakimbia hivyo tena. Tulipokuwa tunakaribia kichuguu nilisikia Mzee Feruzi ananiita kwa nguvu huko nyuma. Nilidhani anasema legeza hatamu, kama kawaida yake, nikampungia mkono bila kugeuka.

Kapteni alionyesha saa yake kwa wageni na wote wakafurahi. Siku ya sita Asali hakula. Jioni yake povu likaanza kutoka puani, jeupe, jingi, na Mzee Feruzi akakaa chini akamfuta kwa shati lake mwenyewe, akimwambia maneno ya Kinyamwezi ambayo mtu humwambia mtoto. Farasi alikuwa amesimama, akiona haya, mpaka miguu iliposhindwa. Bwana mkubwa wa serikali alipowasili tulikuwa tumeshafukia shimo.

Wakatuita barazani klabu. Kapteni, katibu wa klabu, na bwana wa mifugo wamekaa, sisi wawili tumesimama. Bwana wa mifugo akauliza nani aliruhusu farasi atoke kwenye umande. Nilimtazama Kapteni, nikingoja aseme kwamba aliamuru yeye. Kapteni alikuwa anajaza kiko chake. Mtu mzima, askari aliyepigana vita, aliogopa kusema neno moja mbele ya wenzake wawili, na nikamdharau kwa moyo wangu wote. Kisha nikasikia kimya changu mwenyewe.

"Mimi, bwana," akasema Mzee Feruzi. "Kitambaa kilikuwa kikavu, nikafungua mlango."

"Kitambaa gani?"

Akaeleza. Katibu akacheka mpaka akatoa leso. Wakaandika uzembe, wakamwondoa kazini siku ileile, na mimi wakanifanya saisi mkuu. Sikusema kitu siku ile, wala kesho yake, wala mwaka uliofuata. Siku ya mbio walipanda Wazungu, na ahadi ya Kapteni ilizikwa pamoja na farasi.

Mzee Feruzi akapata kazi ya kuongoza punda wa Mwarabu mmoja, akibeba mapipa ya asali kutoka misituni. Tulikutana njiani mara nyingi. Nilikuwa navuka upande wa pili, lakini yeye aliniita. "Petro! Farasi hawajambo?" Daima farasi kwanza. Nilijibu hawajambo, nikadai nina haraka. Kapteni alihama. Vita vya Hitler vikaja, mbio zikasimama, zikaanza tena zikiwa ndogo, na tarehe ikarudi katikati ya kiangazi. Wakati huo walisema ni ushauri wa bwana wa mifugo. Mimi niliendelea kulaza kitambaa majanini kila alfajiri, kipande changu nilichonunua dukani, na sikupoteza farasi. Nilisifiwa kwa hilo. Kila sifa ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na badala ya kuitema nikawa mkali kwa watu waliokuwa chini yangu. Ninyi mnajua ukali huo. Sasa mnajua ulikotoka.

Siku moja, saa za adhuhuri, Bi Mwajuma akaja mabandani. Hakuwahi kuja tangu mumewe aondolewe. "Mzee wako anakuita," akasema. "Usimcheleweshe."

Alikuwa amelala nyumbani kwao Kitete, amekonda, macho yamefunga kabisa. Nilipiga magoti nikamsalimu, akaitikia, akauliza farasi hawajambo. Nikasema hawajambo. Nikajua kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Baba, kile kitambaa cha siku ile…"

Akainua mkono. Akaingiza vidole chini ya mto, akatoa kipande cha amerikani kilichogeuka manjano kwa uzee.

"Papasa pembeni."

Nikapapasa. Palikuwa na tundu dogo, na kingo zake ngumu zilizoungua.

"Ulipotoka na farasi nilikitia mfukoni," akasema. "Kidole kikaingia humo. Nikakuita."

"Nilisikia, baba."

"Ukanipungia mkono."

Bi Mwajuma alikuwa mlangoni, akaondoka. Nililia, na siyo kilio cha heshima. Nikamuuliza kwa nini hakusema pale barazani, kitambaa kikiwa mfukoni mwake. Nilimuuliza kwa hasira, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

"Ningesema wangekutia jela na kukuchapa viboko. Halafu farasi wangebaki na nani? Yule mtu na saa yake?" Akapumua. "Wewe ulikuwa umeshajua kusoma mavi."

Akanipa kitambaa. Siku tatu baadaye tulimzika, na klabu hawakutuma mtu.

Daudi aliponisomea kitabu, nilikwenda kwa katibu wa sasa. Si yule wa zamani, ni kijana, ana adabu. Nikamwambia yote kama nilivyowaandikia hapa: aliyekausha kitambaa ni mimi, aliyeamuru ni Kapteni, aliyebeba lawama ni Feruzi. Nikamwomba akate mstari ule na aandike jina langu. Akanisikiliza, akatabasamu, akanipigapiga bega. "Petro, kitabu kimeshachapwa. Na ni zamani sana. Hakuna anayejali." Nilikwenda kukiri kosa nililolificha maisha yangu yote na hawakulitaka hata bure. Nilitamani kuivunja ile meza yake. Nikatoka, nikaenda mabandani.

Mtaulizwa na wageni, wakiwa na kitabu mkononi. Waambieni mbio hizi zilianzishwa na Bwana Nta, na tarehe yake iliwekwa na Feruzi, na Asali aliuawa na Petro, saisi mkuu, aliyetaka kuonekana. Wakisema sivyo ilivyoandikwa, waonyesheni msumari ulio kushoto kwa mlango wa banda la kwanza, ambako nimetundika kitambaa chenye tundu pembeni. Waacheni watie kidole. Jioni mkirudishe msumarini, alfajiri mkilaze majanini, na mtu asikikaushe.